Safu ya Lugha: Mlio

Anayeeleza City Life, kazi ya Mmarekani Steve Reich ya mwaka 1995, huvutwa kusema ni muziki wa “kelele za jiji”. Asiseme hivyo. Kelele, mara nyingi, ni lawama. Tunazitaja tukitaka zikome. Mlio haulaumu, na hutaja chombo chake: mlio wa honi, wa king'ora, wa mlango wa gari unaobamizwa. Reich alizirekodi sauti hizo New York, akazitia kwenye kinanda cha umeme. Mpigaji akibonyeza, honi inalia papo hapo jukwaani, na ala nyingine zinaipokea.

Kitenzi kulia ni kipana ajabu. Ngoma inalia, treni inalia, mtu analia. Katika Different Trains, kazi nyingine ya Reich, ya 1988, fidla mbili, viola na selo zinakwenda sambamba na milio ya treni na sauti zilizorekodiwa za watu, wakiwamo Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Viola inafuata usemi wa wanawake, selo wa wanaume, kiimbo kwa kiimbo. Kwa muziki huo sijaona kitenzi kinachofaa kuliko hiki chetu.