Watu wa elimu na ukumbusho wa nchi yetu

Katika jimbo letu la Kalemie-Kirungu jina la Padiri Stefano Kaoze linajulikana hata na watoto. Twajua kwamba Askofu Roelens alimpa daraja ya upadiri kule Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, tarehe 21 Julai 1917, naye akawa padiri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Twajua pia kwamba alifariki mwaka 1951 hapa Kalemie, wakati mji ulipokuwa ukiitwa bado Albertville. Lakini ile kazi yake nyingine, kazi ya kalamu, twaitaja mara chache.

Mwaka 1910, angali mwanaseminari, maandishi yake juu ya mawazo na tabia za Wabantu yalianza kuchapwa huko Ubelgiji katika gazeti la elimu liitwalo La Revue congolaise. Padiri Placide Tempels alitoa kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu mwaka 1945, yaani miaka 35 baadaye. Hatusemi hivyo kwa kumshusha Tempels. Twasema tu kwamba mtoto wa Marungu alikuwa ameanza kuilima shamba hiyo zamani, bila kuwa profesa, bila mshahara wa mtaalamu, kati ya masomo na sala.

Hata hivyo kuna jambo la kusikitisha. Kaoze aliandika kwa Kifaransa, na maneno yake yakachapwa mbali. Wazee waliomlea katika hekima hiyo hawakuweza kuisoma. Ndivyo ilivyokuwa kwa kazi nyingi za watu wa elimu katika nchi hii: maneno yalitoka vijijini, yakaenda Ulaya, yakakaa huko.

Siku hizi kuna wataalamu wa historia, wa lugha na wa desturi wanaotaka kugeuza njia hiyo. Kazi yao ni kuokota maneno ya watu, kuyaandika vizuri, na kuyaweka katika intaneti kusudi kila mtu ayasome bila kulipa kitabu. Mmoja wao ni Johannes Fabian. Alikuja Katanga katika miaka ya 1960 kuchunguza Jamaa, ule mwendo wa wakristu uliotokana na mafundisho ya Tempels, baadaye akafundisha Lubumbashi na kisha Amsterdam. Mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye na Vincent de Rooij walifungua katika intaneti ghala ya maandishi ya Kiswahili cha Katanga. Humo mna mazungumzo na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu katika picha zaidi ya 100. Tafsiri zake ni za Kiingereza, na hilo latupunguzia faida sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Lakini Kiswahili chenyewe kipo.

Humo mna pia kitabu kidogo cha André Yav, kilichotolewa mwaka 1965 kwa ajili ya maboyi wa zamani wa Elisabethville. Chaeleza historia ya mji tangu siku za Mfalme Leopold, kama walivyoiona watu waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu. Kimeandikwa bila kufuata sheria za shule: maneno yameunganishwa au kukatwa ovyo, nukta hazionekani mahali pake. Fabian, pamoja na elimu yake yote, hakuweza kukielewa kwa macho tu. Ikabidi Bwana Kalundi Mango wa Lubumbashi akisome kwa sauti, nayo sauti ikashikwa katika mashini. Hapo ndipo sentensi zilipojitenga, na maana ikatoka. Kitabu kikachapwa upya mwaka 1990. Kwa maoni yetu, kazi hii ya sikio ni kubwa kuliko vitabu vingi vya nadharia. Na ni nani katika parokia aliyezoea kusikiliza wazee kuliko katekista?

Tuje kwetu, kando ya ziwa. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome Mpala. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua mtemi Lusinga, wakamkata kichwa, nalo fuvu likapelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu yake ya mti, ambayo iko katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Mwaka 1885 Mapadiri Weupe walipokea Mpala kutoka mkononi mwa Storms. Mwamerika Allen Roberts, aliyekaa upande huo katika miaka ya 1970, alisikiliza masimulizi ya Watabwa, akayalinganisha na maandiko ya Storms, akatoa kitabu mwaka 2013. Mwaka 2018 mwandishi wa gazeti Michel Bouffioux aliipeleka habari ya fuvu hilo mbele ya watu wote wa Ubelgiji, na tangu mwisho wa 2019 wataalamu wa huko walianza kuchunguza mifupa ya watu iliyowekwa katika nyumba zao za elimu.

Tazameni: Mwamerika aliandika, Mbelgiji akapaza sauti. Sisi wa Kalemie tunasoma habari za mtemi wetu katika simu.

Lakini hatuna mikono mitupu. Kardinali Lavigerie aliwaamuru Mapadiri Weupe waandike kila siku habari za misioni, na vitabu vingi vya namna hiyo vimetunzwa Roma. Vile vya ubatizo na ndoa vimo bado katika makabati ya parokia nyingi, na mchwa wanavijua kuliko sisi. Mwanaseminari mwenye simu anaweza kupiga picha ukurasa baada ya ukurasa wakati wa likizo; ruhusa iombwe kwa paroko, na siri za watu walio hai zisitupwe katika intaneti. Majina ya wakristu wa kwanza wa Mpala yalindwe kwanza, kwa kuwa wajukuu wao waliosikia habari zao kwa masikio wanazidi kupungua kila mwaka.