Ada Zimeandikwa Wapi?



Hapa Singida, mbali na pwani yenu, kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alifiwa na baba yake. Tulipotoka makaburini akanambia: "Maalim, nimekwisha zika. Kesho alfajiri narudi kwenye biashara yangu. Haya ya kukaa matangani yameandikwa wapi?"

Sikumkasirikia, kwani swali lake ni la kale.

Huko China alikuwako mwenye hekima aitwaye Confucius, aliyezaliwa mwaka 551 kabla ya Nabii Isa. Ada ya watu wake ilikuwa mtoto kumwomboleza mzazi miaka mitatu. Mwanafunzi wake Zai Wo akasema mwaka mmoja watosha. Mwalimu akamwuliza kama moyo wake utatulia akila wali na kuvaa hariri siku hizo. Akajibu utatulia. Akaambiwa, basi fanya. Alipokwisha toka, mwalimu akasikitika, akasema mtoto hukaa mikononi mwa wazazi wake miaka mitatu. Je, huyu hakubebwa?

Mwaka 213 kabla ya Nabii Isa mfalme Qin Shi Huang akaamuru vitabu vichomwe. Wanazuoni wa zama za Han wakayakusanya yaliyosalia, na katika mkusanyo wao kimo kitabu kiitwacho Liji, chenye milango 49. Kimetaja namna ya kuingia nyumba ya watu, kula na wakubwa, kufuatana na mwalimu njiani, na kuzika.

Nasi tunacho chetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyesoma elimu ya dini, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten akachapisha huko Göttingen kitabu cha desturi za Waswahili, na sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro: uzazi, adabu za watoto, arusi, ngoma, madeni, matanga. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Je, msomaji, kitabu hicho kimo nyumbani mwako?

Lakini tusichanganye ada na sheria. Mtume wetu (s.a.w.) ametuwekea mpaka: maombolezo hayazidi siku tatu, ila mjane kwa mumewe, miezi minne na siku kumi. Tena alipouawa Jaafar aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula. Basi ada inayomla yatima mali yake kwa pilau ya wageni, tuiache. Na ada inayomwondolea mjane upweke, tuishike.

Kijana wangu sikumtajia kitabu. Nilimwuliza tu: "Mama yako kesho atakaa na nani?" Akainama. Siku ile ile jirani zake Wanyaturu, wasio Waislamu, walikuja na ugali wa uwele na kuni kichwani. Hao hawakuuliza pameandikwa wapi. Akakaa siku tatu.

Ndugu yangu, wazee wako wangali hai? Kaa nao, uwaulize, uandike. Moto wa mfalme yule haukuvimaliza vitabu, lakini mzee akizikwa bila kuulizwa, hakuna wa kukusanya.

Wabillahi tawfiq.