Vina vya Kiingereza

Vina vya Kiingereza ni sauti zinazofanana mwishoni mwa maneno mawili au zaidi ya lugha hiyo, hasa mwishoni mwa mishororo ya shairi au wimbo. Neno "light", kwa mfano, lina kina kimoja na "kite", "bright" na "height", ingawa tahajia zao hazilingani. Kutafuta maneno yenye kina kimoja na neno fulani ni kazi ya watunzi wa mashairi na nyimbo, wafasiri, waandishi wa matangazo ya biashara na walimu wa watoto wanaoanza kusoma. Kazi hiyo hufanywa kwa sikio, kwa kamusi ya vina au kwa programu ya kompyuta.

Tofauti na vina vya Kiswahili

Katika ushairi wa kimapokeo wa Kiswahili, kina hutazamwa kwenye silabi ya mwisho: konsonanti na irabu yake hurudiwa vilevile. Maneno "paka", "fika" na "shuka" yote yanatosheleza kina cha "ka". Mkazo hauhesabiwi, kwa kuwa kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani nje ya kina chenyewe.

Kiingereza kina kanuni nyingine. Kina kamili huanzia kwenye irabu ya silabi yenye mkazo mkuu na kuendelea hadi mwisho wa neno. Sauti zote kuanzia hapo ziwe sawa, lakini konsonanti inayotangulia irabu hiyo iwe tofauti. Kwa hiyo:

- "nation" na "station" yana kina, lakini "nation" na "motion" hayana, ingawa silabi ya mwisho ni moja;
- "city" na "pity" yana kina, lakini "city" na "party" hayana;
- "leave" na "believe" yamefanana kupita kiasi, kwa sababu hata konsonanti "l" imerudiwa. Urudiaji wa konsonanti ambao Kiswahili huudai, Kiingereza huuona kuwa udhaifu.

Mwanafunzi aliyezoea vina vya Kiswahili anaweza basi kutunga beti za Kiingereza anazoziona timamu, kumbe kwa msomaji wa Kiingereza ni guni. Vivyo hivyo, mwenye sikio la Kiingereza anaweza kudhani kwamba "fika" na "shuka" hayana kina, kwa sababu irabu zenye mkazo hazifanani.

Aina za vina

- Kina cha silabi moja: mkazo uko kwenye silabi ya mwisho, kama "day" na "away".
- Kina cha silabi mbili: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama "pleasure" na "measure".
- Kina cha silabi tatu: kama "tenderly" na "slenderly". Vina vya namna hii hutumika sana katika mashairi ya kuchekesha.
- Nusu kina: sauti zinakaribiana bila kulingana kabisa, kama "home" na "stone". Waimbaji wa rap hukitumia mno.
- Kina cha macho: maneno yanafanana kwa maandishi tu, kama "love" na "move", au "cough" na "though". Baadhi ya jozi za aina hii zilikuwa na kina kamili hapo zamani. Matamshi ya irabu ndefu za Kiingereza yalibadilika sana takriban kati ya miaka 1400 na 1700, lakini tahajia haikuyafuata.

Jinsi ya kutafuta

Kwa asiye na kamusi ya vina, hatua ni hizi:

1. Tamka neno kwa sauti, bila kutazama herufi zake.
2. Tambua silabi yenye mkazo mkuu. Katika "education" ni silabi ya tatu.
3. Ondoa kila kitu kilicho kabla ya irabu ya silabi hiyo. Kinachobaki ndicho kina.
4. Weka mbele yake konsonanti moja moja kwa mpangilio wa alfabeti, kisha konsonanti zilizoungana kama "bl", "st" na "tr". Kwa "light" hupatikana "bite", "fight", "kite", "night", "white", "flight" na kadhalika.
5. Hakiki kila neno katika kamusi inayoonyesha matamshi. Neno "ration" huandikwa kama "nation" yenye "r", lakini kina chake ni cha "passion".

Hatua ya mwisho ina uzito zaidi kwa wasemaji wa Afrika Mashariki. Kiswahili kina irabu tano tu, na wengi hutamka "cat", "cut" na "cart" kwa irabu moja ya "a", au "sit" na "seat" kwa irabu moja ya "i". Kwa masikio yao maneno hayo yamefanana, lakini kamusi za Kiingereza huyatenga. Hata wazawa wa lugha hiyo hutofautiana: kusini mwa Uingereza wengi huona "sauce" na "horse" yana kina, ilhali Wamarekani wengi, ambao hutamka "r", hawaoni hivyo.

Kamusi za vina

Mwaka 1570 Peter Levins alitoa Manipulus Vocabulorum, kamusi ya Kiingereza na Kilatini iliyopanga maneno ya Kiingereza kwa miisho yake. Mwaka 1775 John Walker, aliyekuwa mwigizaji kabla ya kuwa mwalimu wa matamshi, alichapisha kamusi iliyopanga maneno kwa herufi kuanzia ya mwisho kurudi nyuma. Ilitumika kwa vizazi vingi, ingawa mpangilio wa herufi huweka karibu maneno yasiyo na kina kimoja.

Programu za kisasa hulinganisha matamshi. Orodha moja inayotumika sana ni ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, yenye matamshi ya maneno zaidi ya 130,000 pamoja na alama za mkazo.

Mipaka

Maneno machache, kama "month", hayana kina kamili miongoni mwa maneno ya kawaida. "Orange" hutajwa pia, ingawa Wales kuna mlima uitwao Blorenge.

Kamusi ya vina hutoa sauti, haitoi maana. Neno lililochaguliwa kwa kina pekee huweza kupotosha wazo la ubeti mzima. Tena kina si sharti la ushairi wote wa Kiingereza: utenzi mrefu wa John Milton, Paradise Lost (1667), una mizani lakini haukutungwa kwa vina.