Jaa la Mama na Historia ya Ua wa Ufipa

Ndugu msomaji, juma hili nataka tuingie uani. Si barazani, ambako mgeni hukaribishwa kwa kiti, bali nyuma ya nyumba, kwenye jaa, kichanja cha vyombo na ulezi ulioanikwa. Wengi wetu huona hapo ni mahali pa kuficha. Mimi pia niliona hivyo hadi mwaka jana, nilipofanya kosa ambalo leo nalikiri hadharani.

Mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam alinipigia simu. "Dada," akasema, "nikija Julai nataka tukae nje kama watu. Ua wa Mama utengenezwe." Akatuma fedha za vitofali vya kutandaza chini, majani ya bustani na meza ya kuchanganyia vinywaji. Mama yetu anaishi Mwimbi, Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Nikaenda kusimamia kazi. Siku ya kwanza Mama alikuwa amekwenda jumuiya. Mafundi wakaniuliza walifanyeje lile jaa la nyuma ya jiko. Nikawaambia waliondoe. Mkokoteni wa ng'ombe ulikwenda safari tatu, ukalimwaga kando ya barabara.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Alisimama pale palipobaki tupu, akasema, "Mwanangu, jaa hili lina umri kumzidi huyo mdogo wako. Sasa mwakani nitalima na nini?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye historia.

Mwaka 1880 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alipita Ufipa na kuwasifu wenyeji kuwa ni watu wa kilimo hasa. Hakukosea. Sehemu kubwa ya uwanda huu ni nyasi, miti si mingi, hivyo mkulima hakuweza kutegemea kukata matawi na kuyachoma apate majivu, kama walivyofanya Wabemba kule kusini. Mababu zetu walibuni intumba. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi hulimwa na kufunikwa kwa udongo, yakawa matuta ya mviringo. Nyasi zikioza ndani, tuta zima hugeuka mbolea. Maharage huweza kupandwa juu yake, na msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo ukatandazwa, ukasiwa ulezi. Jaa la uani ni ndugu wa intumba: kinachotoka shambani hurudi shambani.

Hata jembe la kutengenezea matuta hayo lilikuwa la nyumbani. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, yaani tanuru ndefu za udongo zilizozidi kimo cha mtu, ambazo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amezifanyia utafiti tanuru hizo. Kazi hiyo ilififia wakati wa ukoloni, majembe ya dukani yalipoenea. Jembe likawa la kununua, lakini mbolea ikabaki ya bure.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na watu wote wawe wamehamia ifikapo mwisho wa 1976. Mama alikuwa msichana. Anasimulia kwamba kwao walipohamishwa, bibi yetu alichomeka mashina ya mchaichai katika kikapu cha vyombo. Mchaichai ulibebeka. Jaa halikubebeka, likaachwa pamoja na nyumba, na kule kwenye makazi mapya bibi akaanza lingine kwa ganda la kwanza la maharage.

Baadaye Rukwa ikasifika kwa mahindi. Pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikahesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa iliyolisha taifa. Mbolea ya dukani ilikuwa na ruzuku, na bei ya mahindi ilikuwa moja nchi nzima. Wakati huo wako waliolicheka jaa. Miaka ya mwanzo ya 1990 ruzuku iliondolewa hatua kwa hatua, mfuko wa mbolea ukapanda bei, na waliocheka wakatafuta samadi kwa jirani. Mama hakuhangaika. Sisi watoto tulivaa sare za shule kwa mahindi ya shamba lililolishwa na jaa lile, na mimi nikasomea uandishi wa habari kwa mahindi hayohayo. Ndilo nililolimwaga barabarani.

Na hivyo vinywaji je? Hapo napo ua ulikuwa umetutangulia. Ulezi wa kimea huloweshwa, ukachipua, ukaanikwa uani, ukasagwa, ukawa togwa ya watoto au pombe ya waliokuja kusaidia kulima. Na ile mitishamba tunayoiona ya kisasa si mipya. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilitoa kinywaji kiitwacho NIMRCAF, chenye tangawizi, limau na kitunguu swaumu. Sisemi kwamba kikombe cha mitishamba ni dawa ya kila ugonjwa. Mgonjwa aende zahanati. Nasema tu kwamba viungo hivyo Mama alikuwa navyo kabla ya meza ya mdogo wangu.

Nilirudi barabarani na mkokoteni. Nilipata safari mbili. Ya tatu jirani alikwisha kuitandaza shambani kwake, naye hana kosa. Alijua thamani yake kuliko mimi. Vitofali tukavitandaza kutoka mlango wa jiko hadi bafuni tu, Mama asiteleze wakati wa mvua.

Mdogo wangu alikuja Julai, akaikuta baridi ya Ufipa. Meza yake haikukaliwa na mtu. Tulizunguka jiko la mkaa, Mama akatumiminia mchaichai wenye tangawizi, limau na asali. Masalia ya majani alinikabidhi mimi. Hakusema niyapeleke wapi, nami sikuuliza.

Ndugu msomaji, kabla hujapendezesha ua wa mzazi wako, muulize kwanza kila kitu kilichomo kina kazi gani. Tukutane juma lijalo.