Ukadiriaji wa Kati

Mtaalamu wa maji aliyepima visima vichache katika wilaya nzima hulazimika kutoa kauli kuhusu ardhi iliyobaki, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa hapa ukadiriaji wa kati, yaani kukokotoa kiwango cha uchafuzi wa maji ya chini ya ardhi mahali pasipopimwa kwa kutumia vipimo vya mahali panapopazunguka. Wapo wanaopenda kuiita utabiri, lakini neno hilo linapotosha, kwa sababu mtabiri husema jambo ambalo halijatokea, ilhali sumu inayokadiriwa imo tayari majini na kinachokosekana ni kipimo tu. Neno "kati" nalo lina kazi yake, kwani linaonya kwamba makadirio hayo hutegemewa baina ya visima vilivyopimwa, wala si nje ya eneo lao.

Njia iliyo mashuhuri zaidi, ukadiriaji wa Krige, ilizaliwa migodini: Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini, aliandika mwaka 1951 kuhusu kukadiria dhahabu ya Witwatersrand kutokana na sampuli, na Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia ya kihisabati katika miaka ya 1960. Kila kisima hupewa uzani, kwa kawaida cha karibu kikipata mkubwa kuliko cha mbali, ila uzani huo haubuniwi, bali hutokana na variogramu, yaani mchoro unaoonyesha jinsi tofauti ya vipimo viwili inavyokua kadiri umbali baina yao unavyoongezeka. Tena kila kadirio hutoka pamoja na kipimo cha shaka yake.

Mara nyingine mchoro wa variogramu hauanzii sifuri, bali huruka juu tangu mwanzo. Mruko huo huitwa athari ya punje, kwa kuwa punje moja ya dhahabu ikiangukia ndani ya sampuli hubadili kipimo chote, hata kama sampuli ya jirani ni tupu. Arseniki, sumu iliyomo katika maji ya chini ya ardhi ya Bangladesh, ina tabia iyo hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001, uliopima visima zaidi ya 3,500, ulitoa picha nzuri ya nchi nzima, lakini visima vifupi viwili vilivyoachana kwa makumi machache ya mita huweza kutofautiana kabisa, kimoja kikiwa salama na kingine kikipita mikrogramu 50 kwa lita, kikomo cha nchi hiyo. Ndiyo maana katika maeneo yaliyoathirika ramani haikutosha: visima karibu milioni 5 vilipimwa kimoja kimoja, na pampu zake zikapakwa rangi ya kijani au nyekundu.