Hiari ya Mtoaji Figo

Mwezi wa Desemba 1952, nchini Ufaransa, seremala wa miaka 16 aitwaye Marius Renard alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akaumia figo kiasi cha kuwalazimu matabibu kuiondoa, na walipokwisha kuiondoa ndipo ilipowadhihirikia kwamba ndiyo figo pekee aliyojaaliwa tangu kuzaliwa kwake. Mama yake akawasihi wachukue moja ya figo zake wampe mwanawe. Na mkesha wa Krismasi, katika hospitali ya Necker mjini Paris, Louis Michon akaipandikiza, chini ya uangalizi wa tabibu Jean Hamburger. Figo ile ilifanya kazi yake papo hapo na ikadumu kwa muda wa majuma 3, kisha mwili wa kijana ukaikataa, naye akafariki Januari iliyofuata.

Juu ya hiari ya mama huyo haukuzuka ubishi, kwani nani atamwuliza mama kwa nini anamwokoa mwanawe? Ubishi ulizuka Boston, miaka 2 baadaye, pale mtoaji alipokuwa si mzazi bali kijana. Richard Herrick, mwenye miaka 23, alikuwa akifa kwa maradhi ya figo, na nduguye Ronald alikuwa pacha wake wa kufanana. Nao matabibu walitaraji kwamba mwili hautakikataa kiungo kisicho na ugeni wowote kwake. Ili wapate yakini, walimbandika mmoja kipande cha ngozi ya mwenziwe wakangoja waone kama kitashika, tena wakawapeleka kituo cha polisi kuchukuliwa alama za vidole, na huko ndiko waandishi wa magazeti walikoipata habari. Ronald, kwa maelezo yake mwenyewe, alisitasita, maana ilikuwa ajabu isiyopata kusikika kwamba mtu mwenye siha kamili alazwe, apasuliwe na kupunguzwa kiungo pasipo faida yoyote kwa mwili wake. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimpelekea kijikaratasi akimtaka aondoke hospitalini arudi nyumbani. Naye akamjibu kwa kijikaratasi vilevile kwamba yupo na hatoki. Tarehe 23 Desemba 1954 Hartwell Harrison akaitoa figo ya Ronald, na Joseph Murray akaipandikiza kwa Richard, aliyeishi miaka 8 zaidi, akamwoa mwuguzi aliyemhudumia. Murray alikuja kutunukiwa nishani ya Nobel mwaka 1990, na Ronald, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, akaishi kwa figo moja hadi mwaka 2010.

Ninavyoona mimi, kile kijikaratasi kina uzito zaidi katika historia hii kuliko nishani, kwa kuwa ndicho kilichompa mtoaji mlango wa kutokea. Wengine hawakupewa. Mwaka 1957 waliletwa hospitali ile ile ya Boston mapacha wa miaka 19, umri wa mwanafunzi wa chuo kikuu wa leo, ilhali sheria ya Massachusetts ya wakati ule haikumhesabu mtu kuwa mtu mzima mpaka atimize miaka 21. Na ingawa wazazi waliridhia na kijana mwenyewe aliridhia, wapasuaji hawakuthubutu kumpasua kijana asiye mgonjwa bila amri ya mahakama. Hakimu alisikiliza ushahidi wa tabibu wa maradhi ya akili, kisha akatoa idhini kwa hoja ya kustaajabisha, kwamba kutoa figo ni manufaa kwa mtoaji mwenyewe, kwani nduguye akifa atapatwa na huzuni itakayomdhuru maisha yake yote. Mwaka huo huo hoja hiyo ilitumika pia kwa mapacha wa miaka 14. Ni hoja ya huruma, lakini makali yake yanakata pande mbili: hofu ya majuto inayomfanya mtu atoe kwa mapenzi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumfunga mdomo asiseme hapana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Huko Denver, mwanzoni mwa miaka ya 1960, figo zilichukuliwa hata kutoka kwa wafungwa, jambo lililoachwa upesi, na kwa haki. Dawa ya siklosporini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, iliwapunguzia wapokeaji hatari ya kukataliwa kwa kiungo, na tangu 1995 figo ikawezekana kutolewa kwa matundu madogo badala ya jeraha refu la ubavuni. Kwa upande wa dini, maulamaa wa Majmaa ya Fiqhi, baraza la sheria za Kiislamu, waliokutana Jidda mwaka 1988 walihalalisha kutoa kiungo ambacho uhai wa mtoaji haukitegemei, kwa sharti atoe kwa ridhaa yake na pasiwe na biashara.

Kwetu Tanzania, mgonjwa aliyepata uwezo au msaada wa serikali alisafiri India pamoja na jamaa wa kumtolea, mpaka Novemba 2017 ambapo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, kwa ushirikiano na matabibu wa kutoka India. Watoaji wetu ni ndugu walio hai, na familia ikianza kutazamana nani ajitolee, jicho humwangukia upesi kijana aliye chuoni, mwenye siha, asiye na mke wala watoto, tena aliyesomeshwa kwa michango ya wale wale wanaomtazama. Wanafunzi wa vyuo vikuu walioulizwa Hispania, Saudia na kwingineko aghalabu husema watampa mzazi au ndugu bila kusita, lakini idadi yao hupungua wanapotajiwa mgeni. Nami sioni ajabu, ila najiuliza ni wangapi kati yao wangelijibu hivyo hivyo wakiwa mbele ya baba mgonjwa na wajomba wameketi.

Hospitali nyingi zimelifahamu hilo. Mtoaji huhojiwa faraghani, peke yake, na mtu asiyemtibu mgonjwa. Na akikiri kwamba moyo wake hautaki, familia huambiwa tu kwamba hakufaa kuwa mtoaji, bila kutajiwa sababu. Wapo wanaoiona hiyo kuwa hila isiyostahili kinywani mwa tabibu. Mimi siioni hivyo, kwani kijana yule atarudi nyumbani, atakula sahani moja na nduguze, na mgonjwa atakuwa ameketi papo hapo.