Vyombo Vidogo vya Jikoni na Majina Yake katika Nyanda za Juu za Kusini

Siku moja tulisomesha darasani habari ya vyombo vya jikoni, na miongoni mwa majina yaliyomo kitabuni palikuwa na mbuzi. Tulipouliza kazi yake, mtoto mmoja alijibu kwamba mbuzi hakai jikoni, hulala zizini. Wenziwe walicheka, nasi tukamhesabia kosa. Baadaye tulitambua ya kuwa kosa lilikuwa letu, kwa kuwa chombo kile hajapata kukiona kwao.

Pwani, mbuzi ni kibao cha kukalia, chenye ulimi wa chuma wenye meno, nacho ni cha kukunia nazi. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikakamuliwa katika kifumbu kilichosukwa, ili kupata tui. Hata kata na upawa kwa asili ni vifuu vya nazi vyenye mpini. Kata hukatwa juu tu, ipate kina cha kutekea maji. Upawa ni kipande kifupi zaidi, cha kupakulia mchuzi. Lakini miji ya Iringa na Mbeya i juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na katika baridi hiyo mnazi haustawi.

Basi majina haya yalipandaje milimani? Mengine yaliletwa na misafara ya biashara katika karne ya 19. Kisha, mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu; mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1939. Hivyo jiko la Unguja liliingia vitabuni, na watoto wa milimani wakalisoma kama lao.

Walakini nchi hii ilikuwa na jiko lake tangu zamani. Tazama chungu. Wakisi hukaa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo Milima ya Livingstone yashuka karibu na maji na mashamba ni haba. Kwa hiyo wanawake wao hufinyanga vyungu, navyo huchukuliwa kwa mitumbwi hata soko la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka huko hufika nyumba za mbali. Hapo kale vilibadilishwa kwa nafaka. Chungu kimoja chaonyesha, basi, jinsi watu wa ziwani na watu wa milimani walivyohitajiana.

Ulezi ulisagwa kwa jiwe, mwanamke akipiga magoti na kusukuma jiwe dogo juu ya kubwa. Mahindi hutwangwa kinuni, kisha hupepetwa katika ungo ili upepo uchukue makapi. Mwiko ni wa kusongea ugali. Huchongwa kwa mti mgumu, wala haufanyi kazi ya upawa. Wanawake wa Uhehe husuka vikapu kwa milulu. Katika nchi ya ulanzi, kipande cha mwanzi, kiitwacho mbeta, hufungwa penye mwanzi uliokatwa ili kukinga utomvu wake.

Hapa twaona jambo la kuangaliwa. Neno kata lilipofika milimani lilipata mwili mpya, kwa maana kibuyu kilichopasuliwa huteka maji sawasawa na kifuu, na watu hukiita kata pasipo shaka. Neno mbuzi halikupata mwili, likabaki neno la kitabuni tu. Neno hukaa mahali penye kazi ya kufanya.

Na kazi ikiondoka, neno hufuata. Mashine ya kusaga imeliondoa jiwe katika nyumba nyingi; sufuria imechukua mahali pa chungu, na kikombe cha plastiki mahali pa kata. Hatuzilaumu, maana zimewapunguzia kina mama mzigo mzito. Lakini majina ya vyombo vile katika Kihehe, Kibena, Kikinga na Kinyakyusa wanayo bibi zetu, na mengi hayajaandikwa.

Kwa hiyo twawasihi waalimu wenzetu: kila mtoto na aulize kwao jina la chombo na kazi yake, alete darasani, liandikwe kando ya jina la Kiswahili. Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Kitabu ni jifya moja, mwalimu la pili. La tatu ni bibi aketiye jikoni, naye hatujamwuliza.